Njia za Nuru Chini ya Bahari ya Hindi

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, tangu asubuhi, watumiaji wa intaneti katika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Malawi waliona mawasiliano yao yakizorota, na Tanzania ilipata taabu kubwa kuliko jirani zake wengi: picha hazikufunguka, barua hazikwenda, na kazi za ofisi zinazotegemea mtandao zikasimama. Minara ya simu ilikuwa imesimama mahali pake, umeme ulikuwapo, na simu zilikuwa nzima mikononi mwa wenyewe. Hitilafu ilikuwa mbali sana na macho yao, chini ya bahari ya Afrika Kusini, yapata kilomita 45 kaskazini ya Durban, ambako mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika.

Tukio lile lilitoa funzo ambalo kila mwenye simu anastahili kulifahamu. Aghalabu twadhani kuwa mtandao hukaa hewani, kwa sababu hatuuoni uzi wowote kati ya simu na mnara. Lakini hewa huubeba ujumbe kwa masafa mafupi tu, na ukishafika mnarani hushuka ardhini, hushika waya wa kioo, na kama unakwenda ng'ambo, hutumbukia baharini. Zaidi ya asilimia 95 ya habari zote zinazovuka kutoka bara moja hadi jingine hupita katika mikongo iliyolazwa juu ya sakafu ya bahari. Kwa hiyo usalama wa mawasiliano yetu hautokani na wingi wa minara peke yake. Hutokana na idadi ya njia tulizo nazo za kutokea nje, na kiasi cha mambo yetu wenyewe tunayoyaweka nyumbani.

Pwani yetu haikuanza jana kujua waya wa bahari. Mwezi wa Januari 1879 Waingereza walishindwa na Wazulu katika vita vya Isandlwana, na habari ya maafa yale ilichukua karibu majuma matatu kufika London, maadam Afrika Kusini haikuwa na simu ya maandishi ya kuiunganisha na Ulaya. Kabla ya mwaka ule kwisha, kampuni ya Eastern Telegraph ilikuwa imekwisha laza waya kutoka Aden hadi Unguja, katika enzi ya Sultani Sayyid Barghash, kisha Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Waya ule wa shaba ulipitisha herufi chache kwa wakati, ilhali gharama yake ilikuwa kubwa hata wakautumia zaidi wenye serikali na wafanyabiashara wakubwa.

Baadaye zikaja setilaiti, nazo zilitufaa kwa miaka mingi. Bali setilaiti za zamani husimama umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali likipanda huko na kushuka, kisha jibu lake likapanda na kushuka vilevile, hupotea karibu nusu ya sekunde, na bei ya nafasi ndani yake ilikuwa kubwa mno. Hali hiyo iligeuka mwaka 2009. Tarehe 23 Julai ya mwaka huo mkongo wa SEACOM, wenye urefu wa kilomita 17,000, ulifunguliwa rasmi kuziunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na Ulaya pamoja na Bara Hindi. Mwaka huohuo mkongo wa TEAMS uliifikia Mombasa kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Na mwaka 2010 ukafuata EASSy, unaoanzia Mtunzini katika Afrika Kusini na kuishia Port Sudan. Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo hazina bahari, zikaunganishwa na fukwe hizo kwa nyaya za nchi kavu.

Hikima ya mikongo hii imo ndani ya uzi wa kioo usiozidi thumuni moja ya milimita kwa unene. Mwaka 1966 Charles Kao, mwanasayansi mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alionyesha kuwa kioo kikisafishwa uchafu wake chaweza kupitisha nuru masafa marefu bila ya kuififiza, na kwa kazi hiyo akapewa nishani ya Nobel mwaka 2009. Nuru inayoingia upande mmoja wa uzi haiwezi kutoka ubavuni, kwa kuwa kiini cha kioo kimevikwa kioo cha namna nyingine kinachoirudisha ndani kila inapojaribu kutoroka. Nayo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, ikiwaka na kufifia mara mabilioni, na kila badiliko lake huchukua sehemu ya ujumbe. Tena mafundi hupitisha katika uzi mmoja rangi nyingi za nuru kwa pamoja, kila rangi na mzigo wake, wala hazichanganyikani. Kwa kuwa nuru hudhoofika safarini, kila baada ya kilomita 60 hadi 100 huwekwa kifaa cha kuikuza, kinacholishwa umeme wa maelfu ya volti kutoka pwani kwa njia ya shaba iliyomo ndani ya mkongo wenyewe. Pamoja na mambo yote hayo, mkongo wa bahari kuu hauzidi kwa unene mpira wa kumwagilia maji bustani. Karibu na pwani tu ndipo unapovikwa deraya ya nyaya za chuma, kwa kuwa huko ndiko zilipo nanga na nyavu.

Na nanga na nyavu ndizo adui wakubwa. Katika dunia nzima mikongo hupata hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka, na nyingi katika hizo husababishwa na uvuvi na nanga za meli. Hitilafu ikitokea, mafundi wa pwani hutuma mwali wa nuru na kupima muda unaopita kabla mwangwi wake haujarudi: ukirudi baada ya sehemu mbili za elfu za sekunde, wanajua kuwa hitilafu iko kilomita 200 kutoka walipo. Ndipo meli ya matengenezo inapong'oa nanga, na ikifika mahali hapo hukokota kulabu juu ya sakafu ya bahari mpaka inase mkongo. Ncha moja huinuliwa na kufungwa boya, ya pili hupandishwa sitahani, kisha kipande kipya huungwa katikati, kwa kuwa mkongo uliolala kilindini haukuachiwa urefu wa ziada wa kuufikisha juu ya maji. Ndani ya chumba safi fundi huziunganisha nyuzi za kioo moja baada ya moja kwa cheche ya umeme inayoziyeyusha ncha zake, na kiungo hukaguliwa kwa uangalifu kabla hakijarudishwa majini. Bahari ikichafuka, kazi yote hungoja.

Lakini kwa nini kukatika kwa mikongo kule kusini mwezi wa Mei 2024 kuliathiri nchi zilizo mbali hivyo? Kwa sababu upande wa kaskazini ulikuwa umekwisha jeruhiwa. Mwezi wa Februari 2024 meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemeni. Mabaharia wake wakaihama, nayo ikachukuliwa na mkondo huku ikiburura nanga yake, na mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ikakatika, mmojawapo ukiwa ule wa SEACOM. Mwezi wa Mei mlango wa kusini ulipofungwa, ule wa kaskazini ulikuwa ungali mwembamba. Onyo la namna hiyo lilikuwa limetolewa mapema: Februari 2012 mikongo ya Bahari ya Shamu ilikatika, na siku chache baadaye meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ikatia nanga pasiporuhusiwa na kuukata mkongo wa TEAMS.

Tiba ya kwanza, basi, ni kuzidisha njia na kuzitenga. Mkongo wa 2Africa, uliotangazwa mwaka 2020 na kampuni ya Facebook, ambayo sasa ni Meta, pamoja na washirika wake, una urefu wa takriban kilomita 45,000 na umekusudiwa kulizunguka bara zima la Afrika, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwa nchi unazozifikia; umesanifiwa kupitisha hadi biti trilioni 180 kwa sekunde, ilhali SEACOM ilisanifiwa kwa trilioni moja na robo hivi. Fauka ya hayo, setilaiti mpya kama za Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, huruka kiasi cha kilomita 550 tu juu ya ardhi, na kwa hiyo hazina uchelewaji wa zile za kale. Zafaa sana kwa vijiji vilivyo mbali na kwa wakati wa dharura, ijapokuwa haziwezi kuubeba mzigo wote wa taifa.

Tiba ya pili ni kuweka nyumbani yaliyo ya nyumbani. Zamani barua pepe iliyotumwa kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya mjini humohumo, kama ofisi hizo zilihudumiwa na kampuni mbili, ilikwenda kwanza ng'ambo kisha ikarudi. Ndiyo sababu mwaka 2000 kampuni za Kenya zilianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi. Kikafungwa upesi kwa amri ya msimamizi wa mawasiliano, kikafunguliwa tena mwaka 2002, na Tanzania ikaanzisha chake Dar es Salaam. Hata M-Pesa, ambayo Wakenya walianza kuitumia mwaka 2007, mitambo yake ilikuwa Ujerumani mpaka mwaka 2015 ilipohamishiwa Kenya. Kabla ya hapo, fedha iliyotumwa kwa kubonyeza menyu ya simu kutoka Kisumu kwenda Busia ilitegemea kompyuta iliyo Ulaya.

Mambo haya si ya wahandisi peke yao. Hospitali inapotunza kumbukumbu za wagonjwa, benki inapoweka hesabu za wateja, na serikali inapohifadhi daftari za ardhi, raia ana haki ya kuuliza mitambo yake iko wapi, na mkongo ukikatika leo, ni njia gani nyingine iliyo tayari. Njia mbili zinazopita katika bahari moja nyembamba ni sawa na njia moja siku ya msiba. Viongozi wanaosaini mikataba ya mawasiliano wapimwe kwa jambo hilo kabla ya kasi na bei, kwa kuwa kasi na bei zina faida pale tu ambapo njia ipo.