Punda Anakula Lakini Anakonda: Pima Kinyesi Kabla ya Kununua Dawa

Katika mji wa kale wa Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari, mchanga, mawe na mizigo ya dukani hubebwa na punda. Punda akidhoofika, riziki ya mwenyewe hupungua. Wafugaji wengi wakiona mbavu zimetokeza humwongezea chakula, lakini mnyama huendelea kukonda. Mara nyingi chanzo ni minyoo wa tumbo.

Punda na farasi huambukizwa kwa njia moja. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa, kisha minyoo wachanga hupanda kwenye majani na kuliwa na mnyama mwingine. Baadhi yao hujificha ndani ya ukuta wa utumbo kwa miezi mingi. Wakitoka kwa pamoja huchubua utumbo, na mnyama huhara na kukonda haraka.

Dalili nyingine ni manyoya yasiyong'aa, uchovu na maumivu ya tumbo. Kumbuka kuwa punda huficha maumivu. Akikataa kula, usingoje kesho: mafuta ya mwilini huweza kujaa kwenye damu na kumuua.

Mfugaji anashauriwa:

1. Kuchukua kinyesi kibichi, kukifunga katika mfuko safi na kukipeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Minyoo waliojificha hawatagi mayai, kwa hiyo mpeleke punda mwenyewe pia akaguliwe.

2. Kutoa dawa kulingana na uzito wa punda, si kwa kukisia. Dozi pungufu huwaacha hai minyoo sugu, nao huzaa wengine wasiouawa na dawa hiyo.

3. Kuzoa kinyesi zizini na malishoni angalau mara mbili kwa wiki, na kutomwaga kinyesi kibichi mahali punda wanapolisha.

4. Kuomba meno yakaguliwe. Punda mwenye meno mabovu hukonda hata kama hana minyoo. Vilevile, asiachwe kula takataka mitaani, kwani mifuko ya plastiki huziba utumbo.

Si kila punda aliyekonda ana minyoo, na si kila dawa ya dukani inamfaa. Kabla ya kutumia pesa, muone afisa wa mifugo wa wadi yako. Hadi apone, mpunguzie punda mzigo na umpe maji safi.