Kiwambo na Skrini: Istilahi za Sinema ya Nyumbani

Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu chombo ambacho zamani kilionekana katika majumba ya sinema na viwanja vya mikutano tu, lakini leo kimeingia majumbani. Chombo hicho ni kitambaa kikubwa kinachopokea picha kutoka katika projekta. Mifano yetu tumeichukua Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, kwa sababu mwanga, upepo na wadudu wa ziwani hudhihirisha upesi ubaya au uzuri wa kazi ya fundi. Na palipo na kazi ya fundi, hapana budi pawe na maneno yanayoieleza kazi hiyo barabara.

Kutazama picha juu ya kitambaa si jambo geni kwetu. Mradi wa filamu za elimu ulioendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ulizungusha filamu zake kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa takribani miaka ishirini. Baadaye vikaja vibanda vya video, ambavyo wenyeji wa mijini waliviita vibanda umiza. Sasa mwenye nyumba aweza kununua projekta yake na kuwakusanya watoto na jirani sebuleni. Chombo kimehama, maneno yake bado yamo njiani.

Tatizo la neno moja

Neno linalotumika zaidi ni skrini. Lakini skrini huitwa pia kioo cha simu, uso wa kompyuta na uso wa runinga. Mtu akiingia dukani na kuomba "skrini ya inchi 100", muuzaji aweza kumletea runinga kubwa, hali mteja alitaka kitambaa tu. Vitu hivyo viwili hutofautiana mno kwa bei. Vilevile fundi akiitwa "kufunga skrini", aweza kufika na vyuma vya kuning'iniza runinga, wakati kazi inayomngoja ni ya mbao, kitambaa na uzi. Hapo kosa la neno huwa kosa la fedha.

Tofauti yenyewe si ngumu kuieleza. Runinga, simu na kompyuta hutoa mwanga wake zenyewe. Kitambaa cha projekta hakitoi mwanga wowote. Hupokea mwanga na kuurudisha kwa watazamaji. Vitu viwili vyenye kazi zinazopingana vinastahili majina mawili.

Kiswahili kinalo neno kwa hicho cha pili, nalo ni kiwambo. Asili yake ni kitenzi kuwamba, yaani kukivuta kitu na kukikaza juu ya umbo lake. Ngozi huwambwa juu ya ngoma, na kitanda cha kamba huwambwa pia. Wazee wetu walisema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mgeni anayefika katika makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na mji wa Mwanza, na kuzitazama ngoma zilizohifadhiwa hapo, huona kazi hiyo wazi: ngozi isiyokazwa sawasawa haitoi sauti safi. Ndivyo ilivyo kwa kitambaa cha sinema: kisichokazwa sawasawa hakitoi picha safi. Kwa hiyo neno kiwambo halitaji kitu tu. Linamkumbusha fundi namna ya kukitengeneza.

Wako watakaosema kwamba skrini limekwisha kuenea, na kwamba kupigana na neno lililoenea ni kupoteza nguvu. Hoja hiyo ina uzito. Tumeona runinga na televisheni yakiishi pamoja, na tumeona kompyuta likishika mizizi Tanzania mbele ya tarakilishi. Hatukusudii kulifukuza neno skrini. Tunapendekeza libaki kwa uso unaojitolea mwanga wenyewe, na kiwambo kitumike kwa uso unaopokea mwanga wa projekta. Kwa njia hiyo maneno yote mawili yanapata kazi, na mnunuzi anapata kinga.

Kuchagua kiwambo

Jambo la kwanza ni ukubwa. Wauzaji hupima kwa ulalo, yaani mstari utokao pembe moja kwenda pembe ya mkabala. Ulalo peke yake hautoshi, kwa sababu hauelezi umbo. Kiwambo cha ulalo wa inchi 100 chenye uwiano wa pande wa 16 kwa 9, ambao ndio wa runinga za leo, kina upana wa sentimeta 221 na kimo cha sentimeta 125 hivi. Chenye uwiano wa 4 kwa 3, uliokuwa wa runinga za zamani, kina upana wa sentimeta 203 na kimo cha sentimeta 152. Inchi ni zile zile, lakini ukuta unaohitajika si ule ule. Yafaa basi mnunuzi ataje upana na kimo, si ulalo tu.

Upana huongozwa na mahali pa kukaa. Mtazamaji akiwa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa kiwambo, macho huona picha yote bila kuchoka. Kiwambo cha meta 2 kinahitaji viti viwe meta 3 hadi 4 mbele yake. Aidha, projekta nayo ina umbali wa kurusha. Ikiwa uwiano wake wa kurusha ni 1.5, basi kwa kila meta moja ya upana wa picha itahitaji meta moja na nusu ya umbali. Asiyeupima urefu wa chumba kabla ya kununua atajikuta picha inamwagika nje ya kitambaa, au haikijazi.

Jambo la pili ni mng'ao. Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Mwanga huo ni mmoja. Ukitandazwa juu ya eneo kubwa huwa hafifu. Kiwambo cha upana wa meta 2 na uwiano wa 16 kwa 9 kina eneo la meta za mraba 2.25. Upana ukifanywa meta 4, eneo huwa meta za mraba 9, yaani mara nne. Na mng'ao hubaki robo tu. Kwa sababu hiyo kiwambo kikubwa kupita kiasi huharibu picha badala ya kuitukuza. Tahadhari nyingine ni kwamba lumeni zinazoandikwa kwenye maboksi hazipimwi zote kwa kanuni moja. Mnunuzi aulize kama zimepimwa kwa kanuni ya ANSI au ya ISO.

Jambo la tatu ni uakisi, yaani kiasi ambacho kiwambo hurudisha mwanga. Kiwambo cheupe kisichong'aa chenye uakisi wa 1 huusambaza mwanga kwa usawa pande zote. Chenye uakisi wa 2 huwapa waliokaa katikati mng'ao mara mbili, lakini huwapunja waliokaa pembeni. Hakiongezi mwanga; kinaugawa upya tu. Katika sebule ambamo watu hukaa kwa kuizunguka meza, uakisi wa karibu na 1 ndio unaofaa.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni giza. Projekta hurusha mwanga, hairushi giza. Sehemu nyeusi ya picha ni mahali ambapo mwanga haukutupwa. Chumba kikiwa na mwanga wa dirisha, weusi huo huwa kijivu. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria wanalijua jambo hili kwa njia yao. Huvua usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu wengi wao hupumzika, kwa kuwa taa haina nguvu ya kuwavuta dagaa palipo na mbalamwezi. Taa ni ile ile. Kilichopungua ni giza. Mwenye projekta naye afikirie hivyo hivyo. Mwanza iko karibu na ikweta, na giza huingia mnamo saa moja jioni karibu mwaka mzima. Atakayetaka kutazama mchana ahitaji mapazia mazito, na kuta zisiwe nyeupe sana. Vipo pia viwambo vya kijivu, ambavyo hutunza weusi katika vyumba vyenye kuta za rangi nyepesi, na viwambo vyenye mifuo midogo inayomeza mwanga utokao juu na kuurudisha ule wa projekta. Hivyo husaidia, lakini havifuti haja ya pazia.

Jambo la tano ni kitambaa chenyewe. Bafta ni nyepesi, na mwanga hupenya. Ikitumika, iwekewe kitambaa cheusi nyuma. Marekani isiyosafishwa ina umanjano unaozigeuza rangi za picha. Turubai la mabango huwa na mng'aro unaofanya doa la mwanga katikati. Kitambaa kizuri ni kizito, cheupe, kisichong'aa na kisicho na mshono.

Kuwamba na kusimamisha

Viwambo ni vya aina mbili kuu. Kipo kiwambo cha kukunja, kinachojiviringa juu ya mti wake kama mkeka. Na kipo kiwambo cha fremu, kinachokaa ukutani daima. Cha kwanza huokoa nafasi, lakini baada ya muda kingo zake hujipinda. Cha pili hunyooka zaidi. Projekta za umbali mfupi sana, ambazo huwekwa sentimeta chache tu kutoka ukutani, hudai kiwambo kilichonyooka kabisa, kwa maana mwanga wake hupanda kwa mshazari mkali na kila kunyanzi huonekana kama wimbi.

Anayetengeneza kiwambo cha fremu achague mbao kavu zilizonyooka. Pembe zikiwa za mraba, milalo miwili ya fremu huwa na urefu mmoja. Hicho ndicho kipimo chepesi cha kuihakiki. Kitambaa kiwambwe kuanzia katikati ya upande mmoja, kisha katikati ya upande wa mkabala, kisha pande mbili zilizobaki. Ndipo fundi asogee kidogo kidogo kuelekea pembeni. Akianza pembeni, au akivuta upande wake tu kama yule wa methali, makunyanzi hujikusanya katikati na hayaondoki. Mwisho atie ukingo mweusi pande zote nne, ili mwanga unaozidi umezwe na macho yapate mpaka.

Kabla ya kutoboa ukuta, fundi atumie pimamaji kuuhakiki mstari wa juu. Skrubu ziingie katika tofali, si katika lipu tu. Projekta nayo ikae mkabala na kiwambo. Ikiinamishwa, picha hupanuka upande mmoja na kubana upande wa pili. Ziko projekta zinazoweza kulinyoosha umbo hilo zenyewe, lakini hufanya hivyo kwa kupunguza ubora wa picha. Ni heri kuisogeza projekta kuliko kuitegemea dawa hiyo.

Kwa wakazi wa mwambao, upo ushauri wa ziada. Kiwambo kikisimamishwa uani, upepo wa ziwani hukifanya tanga: kikivutwa na upepo huangusha nguzo zake. Kifungwe kamba pande zote, na kishushwe onyesho likiisha. Wadudu wa ziwani hufuata mwanga kwa makundi. Madirisha yawe na wavu, na chujio la projekta lisafishwe mara kwa mara, kwa sababu likiziba mashine hupata joto na kuharibika.

Istilahi tunazopendekeza

Kiwambo: uso uliowambwa ili kupokea picha ya projekta.
Skrini: uso unaotoa mwanga wake wenyewe, kama wa runinga au simu.
Ulalo: umbali kati ya pembe mbili za mkabala.
Uwiano wa pande: upana ukilinganishwa na kimo.
Umbali wa kurusha: nafasi kati ya lenzi na kiwambo.
Uwiano wa kurusha: umbali wa kurusha ukigawanywa kwa upana wa picha.
Uakisi: kiasi cha mwanga ambacho kiwambo hurudisha kwa watazamaji.
Mng'ao: nguvu ya mwanga wa picha machoni pa mtazamaji.
Ukingo mweusi: utepe unaozunguka kiwambo na kumeza mwanga unaozidi.

Haya ni mapendekezo, si maamuzi. Kusanifu istilahi ni kazi ya Baraza. Lakini Baraza haliwezi kusanifu neno ambalo halijajaribiwa. Tunawaomba wauzaji wa vifaa, mafundi seremala na mafundi umeme wayatumie maneno haya katika stakabadhi na makadirio yao ya kazi, na watueleze ni lipi lililoeleweka na lipi lililokwama. Istilahi njema ni ile ambayo mteja akiitamka dukani anapewa kitu alichokikusudia, na fundi akiisikia anajua aje na vifaa gani.