Jihadhari na unyevu katika gunia lako la mahindi

Familia nyingi za mijini huletewa mahindi kutoka mashambani baada ya mavuno. Gunia hufika kwa basi, hupakuliwa kituoni, na ifikapo jioni liko nyumbani limeegemezwa ukutani jikoni au limesukumwa chini ya kitanda. Pengine lako liko hapo sasa hivi unaposoma ukurasa huu. Je, uliyapima mahindi hayo kwa namna yoyote kabla ya kulifunga tena? Na je, hapo lilipo linapata hewa ya aina gani?

Haya si maswali ya mkulima peke yake. Kati ya Januari na Juni mwaka wa 2004, watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, na 125 miongoni mwao wakafariki. Walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini, ambayo ni sumu inayotengenezwa na kuvu. Wachunguzi walipowalinganisha wagonjwa na watu wazima wa vijiji hivyo hivyo, waligundua kwamba familia za wagonjwa ndizo zilizoelekea zaidi kuweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Hata hivyo, mkasa huo haukuwa wa kwanza. Mnamo 1981, wilayani Machakos, wagonjwa 20 walilazwa kwa sababu hiyo hiyo na 12 wakafa. Mbwa waliokula chakula cha nyumba hizo na hua waliodonoa nafaka ghalani walikuwa wametangulia kufa.

Kuvu hiyo huitwa Aspergillus flavus kwa jina la kitaalamu. Mbegu zake ndogo mno zimo katika udongo na hewa ya kila mahali, kwa hiyo usijidanganye kwamba unaweza kuizuia isiingie nyumbani kwako. Imekwisha kuingia. Unachoweza ni kuinyima maji, kwani bila maji ya kutosha kuvu haikui, na isipokua haitengenezi sumu.

Mahindi yaliyokauka machoni pako bado yana maji ndani yake. Kiwango kinachokubalika nchini cha mahindi ya kuhifadhiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chukua gunia la kilo 90 ambalo mwenye shamba ameharakisha kulituma likiwa na unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna zaidi ya lita 16 za maji. Ili lifikie kiwango salama, ni lazima karibu lita 5 zitoke. Lita tano ni zaidi ya nusu ya ndoo ndogo ya jikoni, nawe ukilitazama gunia hilo hutaona hata tone.

Maji hayo yatatoka iwapo tu hewa inayolizunguka gunia ni kavu kuliko mahindi yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husikia kwamba mahindi yanahitaji hewa, basi wakafungua dirisha usiku na mchana, kiangazi na masika. Ukweli ni kwamba punje ya mahindi hutoa unyevu na pia huunyonya. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 70 hivi, mahindi hutulia karibu na kiwango kile cha 13.5. Hewa ikifika asilimia 80 na kuendelea, mahindi uliyoyakausha kwa jasho hurudia kunywa maji kidogo kidogo mpaka kuvu ipate makao. (Wauzaji wa zile sigara nene za Cuba huziweka makusudi katika masanduku yenye unyevu wa karibu asilimia 70 ili zisikauke zikapasuka, nao pia huogopa kupita hapo kwa sababu huota ukungu. Uvutaji hatuutetei hapa, lakini hesabu yao ni sahihi.)

Kwa hiyo mkazi wa Mombasa, Malindi au Lamu ana kazi ngumu kuliko ndugu yake wa Nakuru. Upepo wa bahari ni mtamu mwilini, lakini umebeba maji mwaka mzima, na gunia lililo wazi dirishani litayapokea. Naye wa Nairobi asijipongeze mapema, kwani Julai yenye manyunyu na baridi humwekea mtego wa namna nyingine.

Mtego wenyewe ni huu. Mahindi ni mbegu hai na hupumua. Yanapopumua hutoa joto kidogo na mvuke, na yakiwa na unyevu mwingi hupumua kwa nguvu zaidi. Joto hilo hukusanyika katikati ya gunia. Usiku sakafu ya saruji na ukuta wa mawe hupoa, mvuke ukakimbilia upande wa baridi na kugeuka matone, kama yale unayoyaona chini ya kifuniko cha sufuria. Ndiyo maana ukungu hupenda kuanzia chini ya gunia na upande ulioegemea ukuta, huku juu, pale unapochota kila siku, mahindi yakionekana mazuri kabisa. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Ukihisi joto, au mahindi yakinata vidoleni, au ukisikia harufu ya uvundo, mambo yamekwisha kuharibika.

Basi liinue gunia. Panga matofali mawili matatu, weka mbao juu yake, na uache nafasi ya kupitisha mkono kati ya gunia na ukuta. Hewa ipite chini na pande zote. Jikoni si mahali pake hata kidogo, kwa maana sufuria ya githeri inayochemka saa tatu humwaga mvuke chumba kizima, na jiko la mafuta ya taa nalo hutoa mvuke linapowaka. Dirisha lifunguliwe adhuhuri jua likiwa kali na lifungwe mvua inaponyesha na jioni unyevu unapopanda. Anayeishi katika chumba kimoja atauliza aliweke wapi sasa. Kusema kweli, afadhali anunue mahindi kidogo kidogo kwa gorogoro kuliko kulala na gunia zima lenye unyevu.

Kabla ya hayo yote, pima. Hakuna haja ya mashine. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko, iwe kavu kabisa. Tia vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani, ongeza mahindi mpaka theluthi moja ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayo hayafai kuwekwa. Isipoganda, yako chini ya 15, lakini kumbuka kiwango chetu ni 13.5, kwa hiyo yaanike siku moja au mbili zaidi. Yatandaze juu ya turubai, si juu ya sakafu tupu, yawe tabaka jembamba, uyageuze mara kwa mara, na kabla ya jua kutua uyafunike au uyaingize ndani. Usiyatie guniani yakiwa na moto wa jua. Yaache yapoe kwanza, la sivyo utakuwa umefungia mvuke wewe mwenyewe.

Siku hizi maduka ya pembejeo huuza mifuko isiyopitisha hewa, yenye karatasi ngumu za plastiki ndani ya gunia. Msomaji atashangaa: tumesema hewa, hewa, na sasa tunasifu mfuko usio na hewa? Haigongani. Mahindi yaliyokauka sawasawa, yakifungiwa humo, hayapati tena unyevu wa nje, na wadudu waliomo humaliza oksijeni wakafa. Kwa wakazi wa pwani mfuko huu ni bora kuliko gunia la katani. Lakini ukitia humo mahindi mabichi umeyafungia maji, nayo yataoza. Tena haufai kufunguliwa kila jioni. Toa ya wiki mbili au tatu, uyaweke katika ndoo yenye kifuniko, kisha uufunge mfuko kwa kukaza.

Huenda unafikiri kwamba moto wa jiko utakuokoa. Hautakuokoa. Aflatoksini hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, wakati maji ya ugali huchemka kwa nyuzi 100 au chini ya hapo. Kusaga hakuiondoi, huitawanya tu katika unga wote. Kuchambua husaidia sana. Toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi, kwani humo ndimo sumu hujaa zaidi. Kukoboa pia hupunguza, jambo ambalo wapikaji wa muthokoi wanalifanya tangu zamani. Lakini macho hayaioni sumu yenyewe, na gunia lililoota ukungu halisafishiki kwa kuchambuliwa.

Anayekula sumu nyingi kwa mara moja hutapika, huumwa tumbo, macho huwa ya manjano, miguu na tumbo huvimba. Huyo apelekwe hospitali bila kukawia, na daktari aambiwe juu ya mahindi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hana dalili yoyote ya kumshtua, nayo saratani ya ini humjia polepole. Hatari hiyo huongezeka mara nyingi kwa mtu aliye na virusi vya homa ya ini ya aina ya B, hivyo hakikisha mtoto wako amekamilisha chanjo yake.

Mahindi yaliyoharibika usiwape kuku wala usimpelekee jirani mwenye ng'ombe, kwa kuwa ng'ombe akiyala sumu hupitia katika maziwa, na maziwa hayo huenda yakarudi kwenye chai yako. Usiyauze. Yafukie mbali na mahali ambapo watoto au wanyama wanaweza kuyafukua, kisha likung'ute gunia nje, lianikwe juani siku nzima, na pale lilipokuwa pasuguliwe na kukaushwa kabla ya kuweka lingine.