Podikasti zinaposimulia waliopotea na waliojitoa uhai

Podikasti zimeshika kasi Pwani. Vijana wanazisikiliza ndani ya matatu, wakivuka feri Likoni, na usiku kabla ya kulala. Visa vinavyovuma zaidi ni vya mtu aliyetoweka au aliyejitoa uhai. Kuvisimulia si kosa. Suala ni namna vinavyosimuliwa, kwani miongoni mwa wasikilizaji huenda yumo aliyekata tamaa, au mama ambaye bado anamngoja mwanawe.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa wanahabari mwaka 2000, na toleo jipya likatoka 2023. Msingi wake ni kwamba habari inayoeleza kwa kina njia aliyotumia marehemu na mahali alipofia yaweza kumsukuma mwingine aliye katika dhiki. Mjini Vienna, vyombo vya habari vilipobadili namna ya kuripoti mwaka 1987, visa vya watu kujiua katika treni za chini ya ardhi vilishuka sana. Vilevile, kisa cha mtu aliyefika ukingoni, akaomba msaada na akapona, huweza kuokoa maisha.

Sisi wa Kiswahili tuna mtihani wetu. Vichwa vya habari huandikwa "ajinyonga" au "anywa sumu", na hapo njia imeshatajwa kabla kisa hakijaanza. Yatosha kusema "amejitoa uhai". Tusiseme "alishindwa kujiua", kana kwamba kunusurika ni kushindwa. Na tuache "kisa mapenzi" au "kisa deni". Mtu hafikishwi hapo na jambo moja. Mara nyingi pana maradhi ya akili, upweke na mizigo ya miaka. Ujumbe wa mwisho wa marehemu, uwe barua au sauti ya simu, haufai kurushwa hewani.

Sheria nayo imebadilika. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Basi mtangazaji asimzungumzie aliyenusurika kama mhalifu. Ni mgonjwa anayehitaji matibabu, na familia yake inahitaji sitara.

Kwa waliopotea, saa za mwanzo ni muhimu mno. Hakuna haja ya kusubiri saa 24 ndipo uende polisi. Nenda mara moja, upewe nambari ya OB. Podikasti itangaze jina la kituo na nambari hiyo badala ya simu ya mzazi, kwa sababu matapeli huipigia familia wakidai fidia ya uongo. Mtangazaji apate kwanza idhini ya familia. Akumbuke pia kwamba wako wanaotoroka kipigo au ndoa ya lazima. Kutangaza walipoonekana ni kumwelekeza anayewasaka.

Tena kipindi cha podikasti hakipiti kama taarifa ya redio. Mtu akishapatikana, picha na jina lake huendelea kuzunguka miaka na miaka. Ni wajibu wa mtayarishaji kurudi kwenye kipindi chake, akisahihishe au akiondoe. Asimtaje jirani au mume kuwa mshukiwa kwa uvumi wa barazani. Mwaka 2014, podikasti ya Serial ya Marekani ilifuatilia kisa cha msichana wa shule wa Baltimore aliyetoweka 1999 na baadaye kukutwa ameuawa. Wasikilizaji wengi waligeuka wapelelezi mitandaoni, wakijadili watu halisi kama wahusika wa tamthilia.

Mwisho, nambari ya msaada itajwe mwanzoni mwa kipindi, kwani wengi hawafiki mwisho. Ikiwa wewe au jamaa yako amelemewa na mawazo ya kujidhuru, pigeni 1199, laini ya ushauri ya Msalaba Mwekundu Kenya, bila malipo. Kwa mtoto ni 116.