Bidoni na Kavera ni Ndugu: Tuifahamu Plastiki ya Polithini

Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho ni vigumu kupata nyumba hapa Nakivale isiyokuwa nacho. Ni plastiki inayoitwa polithini. Bidoni ya njano tunayochotea maji ni polithini. Shitingi tuliyoezekea siku za kwanza ni polithini. Na ile kavera nyeusi ya kufungia chumvi dukani, ambayo sisi tuliotoka Kongo tunaiita sasheti, nayo ni polithini. Wengi hudhani ni vitu tofauti kwa kuwa kimoja ni kigumu na kingine chepesi kama jani, lakini asili yake ni moja. Vyote hutengenezwa kwa gesi inayotokana na mafuta ya petroli au gesi ya ardhini. Geuza bidoni yako uangalie chini. Mara nyingi utaona pembetatu ndogo yenye namba 2. Hiyo ndiyo alama ya polithini ngumu.

Plastiki hii iligunduliwa Uingereza mwaka 1933 na wanakemia wawili, Eric Fawcett na Reginald Gibson, ambao walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Mfuko wenye mikono ya kushikia ulikuja baadaye, miaka ya 1960, kutoka Sweden. Kwa hiyo wazee wetu walichota maji na kwenda sokoni miaka mingi bila kuijua.

Sifa yake kubwa ni kwamba haiozi. Vijidudu vya ardhini vinavyokula majani na maganda ya ndizi haviiwezi. Tena haipitishi maji, haishiki kutu, na ikianguka haivunjiki kama mtungi. Sifa hizi hizi ndizo zinazotusaidia na ndizo zinazotuletea matatizo.

Tuanze na msaada. Maji yanaweza kutoka bombani yakiwa salama kabisa, lakini yakachafuka njiani au nyumbani. Ndoo iliyo wazi huingiwa na vumbi, inzi, kikombe kilichokuwa sakafuni na mkono wa mtoto. Bidoni ina mdomo mdogo na kifuniko, mkono hauingii. Mwaka 1993, katika kambi moja ya wakimbizi kutoka Msumbiji huko Malawi, watafiti waligawia baadhi ya familia ndoo zenye mfuniko na bomba dogo la kumiminia, na familia nyingine zikaendelea na vyombo vyao vya kawaida. Watoto wa chini ya miaka mitano katika nyumba zenye ndoo zile waliharisha pungufu kwa karibu theluthi moja. Maji yalitoka kwenye visima vile vile. Kilichobadilika ni chombo tu.

Lakini bidoni yenyewe inataka kutunzwa. Ule utelezi wa kijani ndani yake ni makao ya vijidudu. Weka maji kidogo, sabuni na vijiwe safi, funga, tikisa kwa nguvu, kisha suuza vizuri. Fanya hivyo kila wiki. Na bidoni iliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya shambani isitumike kwa maji ya kunywa hata ikioshwa mara kumi, kwa maana plastiki hunyonya mafuta hayo na kuyatoa polepole.

Juu ya shitingi hatuna mengi. Ile ya mita 4 kwa 5 inayogawiwa na UNHCR imefumwa kwa nyuzi za polithini na kupakwa polithini pande zote mbili, ndiyo maana haivuji. Adui yake ni jua, ambalo huikausha hadi ikaanza kupukutika.

Sasa tuje kwa kavera. Bidoni unaitumia kwa miaka. Kavera unaitumia kutoka dukani hadi nyumbani, labda dakika kumi, halafu inabaki duniani miaka mingi kuliko aliyeitupa.

Jambo la kwanza ni moshi, na hapa naomba akina mama na dada zetu wasikilize sana. Asubuhi ukipita kati ya nyumba unasikia harufu ya kavera inayowashiwa babula. Ni kweli inashika moto haraka, maana ni jamaa ya petroli. Lakini ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa masizi na hewa ya sumu isiyo na harufu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Ikichanganyika na plastiki za aina nyingine, kama vipande vya mabomba au nyaya, hutoka sumu kali zaidi ambazo hukaa mwilini muda mrefu na zinaweza kuleta kansa. Anayeivuta ni mama aliyeinama kupuliza na mtoto aliyebebwa mgongoni. Moshi ndani ya nyumba ni mojawapo ya mambo yanayoongeza nimonia kwa watoto wadogo. Tumia majani makavu, maganda ya mahindi au vijiti.

Jambo la pili ni choo. Choo cha shimo hudumu kwa sababu maji huzama ardhini na kinachobaki huoza na kupungua. Kavera haipungui. Familia inayotupia takataka za plastiki chooni itachimba shimo jingine mapema, na kila mtu anajua ugumu wa kupata nafasi na miti ya kujengea. Hata gari la kunyonya uchafu hushindwa, kwa sababu kavera huziba mpira wake.

Tatu, mifereji. Kavera chache zinatosha kuziba mfereji wa penye bomba. Maji yakituama hapo, mbu hutaga mayai, na mvua ikija uchafu unarudi milangoni mwetu. Tunafagia tukisema ni usafi, lakini tukifagilia kwenye mfereji ni heri tungeacha.

Wenye mifugo nao wanalijua hili. Ng'ombe humeza kavera yenye chumvi au mabaki ya chakula, nayo haitoki. Inajikusanya tumboni hadi mnyama anakonda na kufa huku tumbo limejaa.

Pia tuache kufunika chakula cha moto kwa kavera sufuriani. Zile nyeusi mara nyingi zimetengenezwa kwa plastiki ya zamani iliyoyeyushwa, na hakuna ajuaye kilichokuwamo awali. Jani la mgomba linafanya kazi hiyo na linanukia vizuri.

Nchi jirani zimechukua hatua. Rwanda ilikataza mifuko hii mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Hapa Uganda sheria dhidi ya mifuko myembamba ilitolewa mwaka 2009, lakini sote tunaona bado inauzwa. Mama anayeuza karanga ataniuliza, kijana, nifungie nini? Swali lake ni la haki, kwani karatasi hulowana na kikapu kinataka pesa. Jibu langu ni kwamba tuanze na wanunuzi: kila mmoja aende sokoni na kikapu, kitenge au mfuko wake, ili muuzaji asilazimike kununua kavera. Zilizopo nyumbani zioshwe, zikaushwe, zitumike tena, au zioteshewe miche ya nyanya na miti.

Bidoni ndogo iliyochakaa usiitupe. Ifunge juu ya miti miwili, toboa tundu dogo karibu na mdomo wake, funga kamba hadi kwenye kijiti cha kukanyagia kwa mguu, ning'iniza sabuni pembeni. Tayari una kibuyu chirizi cha kunawia mikono nje ya choo. Asiyejua kuitengeneza amwite mhudumu wa kujitolea wa afya wa kijiji chake. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa.