Maji ya Magotini: Sayansi ya Mkondo, kutoka Jinja hadi Jangwani

Mvua ikikesha Dar es Salaam, asubuhi watu wa Kariakoo huulizana swali moja: Jangwani kunapitika? Barabara ya Morogoro hushuka kutoka Fire, hukata bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani, kisha hupanda Magomeni. Siku ya kawaida ni mwendo wa dakika chache. Mto ukifurika, mabasi ya mwendokasi husimama, wenye maduka ya Mtaa wa Kongo hukwama ng'ambo, na ukingoni hukusanyika watu wanaoyapima maji kwa macho. Yamefika wapi? Magotini. Basi wapo wanaokunja suruali na kuingia, na wapo vijana wanaowabeba wenzao mgongoni kwa malipo.

Kipimo hicho cha macho kinaua watu. Kina cha maji ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kasi, na jicho la mtu aliyesimama ukingoni hukisia kasi vibaya. Wanaolijua jambo hili kwa miili yao ni waongozaji wa boti za mpira katika Mto Nile, karibu na mji wa Jinja, Uganda. Kazi yao ni kuwashusha wageni katika maji meupe ya mto mkubwa na kuwarudisha salama. Nilisafiri kwenda kwao pamoja na rafiki yangu, muuza vitambaa wa Kariakoo na mkazi wa Magomeni, mtu ambaye huvuka Jangwani kila siku ya kazi. Tulichojifunza kule kinawahusu zaidi wakazi wa Dar es Salaam kuliko watalii.

Mto wenye tangi na mto usio na tangi

Nile hutoka Ziwa Victoria pale Jinja. John Speke alifika hapo mwaka 1862 na kuyaona maporomoko ambayo baadaye yalimezwa na bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954 na leo linaitwa Nalubaale. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilikamilika mwaka 2012 na kuyafunika maporomoko mengine. Mwaka 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, la megawati 183, na mto ukafunikwa tena. Biashara ya boti za mpira, iliyoanza miaka ya 1990, imekuwa ikihama kila bwawa linapojaa, na sasa inategemea vipande vilivyosalia, kama vile Kalagala na Itanda.

Katika vipande hivyo hupita, kwa wastani, takriban mita za ujazo 1,000 za maji kila sekunde. Mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja, kwa hiyo ni tani 1,000 kwa kila pigo la saa. Hata hivyo mto huu una tabia ya utulivu ambayo mgeni haioni. Nyuma yake kuna ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, yaani tangi kubwa mno. Mvua inyeshe isinyeshe, ziwa hupanda na kushuka polepole, na milango ya mabwawa huamua kiasi cha maji kinachoachiwa. Mwongozaji aliyeukagua mto asubuhi anajua mchana ataukuta katika hali gani.

Msimbazi ni kinyume chake. Huanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na husafiri kilomita 35 hivi hadi baharini karibu na daraja la Salenda. Eneo linalouchangia maji ni zaidi ya kilomita za mraba 250. Hakuna ziwa nyuma yake. Kilichopo ni mapaa ya bati, lami, pevingi na vilima vilivyokatwa miti. Piga hesabu ndogo: mvua ya milimita 100 ikinyesha juu ya kilomita moja tu ya mraba huleta mita za ujazo 100,000, sawa na tani 100,000. Ardhi ya mchanga yenye miti hunywa sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachia taratibu. Bati na lami havinywi chochote. Maji yote hukimbilia mitaro, kutoka mitaro hadi makalavati, na kutoka makalavati hadi mtoni, ndani ya saa chache. Mto uliovukwa bila shida jioni unaweza kuifunika barabara alfajiri, hata kama Kariakoo kwenyewe hakukunyesha sana, kwa sababu mvua imenyesha Pugu.

Kasi ikizidi mara mbili

Tuiangalie sasa nguvu yenyewe. Maji yanapogonga mguu, msukumo wake hutegemea mambo matatu makubwa: uzito wa maji, upana wa kinachogongwa, na kasi. Katika hayo matatu, kasi ndiyo yenye neno la mwisho, kwa sababu msukumo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kasi ikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne. Ikizidi mara tatu, msukumo huzidi mara tisa.

Mtu mzima akisimama katika maji ya magotini, miguu yake miwili hukabili mkondo kwa eneo la kama sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba. Maji yakienda mita 1 kwa sekunde, atasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 5 hadi 6. Atayumba kidogo na kupita. Yakienda mita 2 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayetembea haraka sana, atasukumwa kwa kilo 22. Yakifika mita 3, ni kilo 50. Kina hakijabadilika, bado ni magotini.

Wakati huohuo maji humnyanyua. Yakifika kiunoni, uzito anaoukanyagia chini hupungua kwa karibu nusu, na soli za viatu hushika ardhi kwa nusu ya nguvu ya kawaida. Anasukumwa zaidi huku akishika kidogo. Kijana aliyembeba mwenzake mgongoni hupata uzito zaidi wa kukanyagia, ila kitovu cha uzito wake kimepanda juu, na akiteleza wanaanguka wawili.

Magari nayo yana hesabu yao. Sehemu ya chini ya gari dogo ina eneo la mita za mraba 6 hivi. Maji yakishaigusa, kila sentimita 10 zinazoongezeka hulinyanyua gari kwa karibu kilo 600 kabla hayajapenya ndani. Gari la tani moja huanza kuelea maji yanapofika sentimita 30 hivi kutoka barabarani. Ndiyo maana wataalamu wa mafuriko hutaja sentimita 30 za maji yanayotembea kuwa hatari kwa gari dogo, na sentimita 60 kuwa zinatosha kuyasomba magari mengi.

Weupe wa maji

Kule Jinja, boti yetu ilipinduka katika wimbi la pili la poromoko moja. Rafiki yangu, muogeleaji mzuri aliyefunzwa na bahari, aliibuka mita kadhaa mbele akipiga mikono kwa nguvu bila kusogea popote. Mtumbwi mdogo wa uokoaji ulimfuata, akashika kamba ya nyuma, akavutwa hadi maji matulivu. Alipopata pumzi alisema, "Ndugu yangu, yale maji hayashikiki. Ni kama hayapo."

Alikuwa amesema kweli tupu. Maji huwa meupe kwa sababu yamejaa mapovu ya hewa, na mapovu hutawanya mwanga wa rangi zote kila upande. Povu ambalo nusu yake ni hewa lina nusu ya uzito wa maji ya kawaida kwa kila lita, kwa hiyo humwelesha mtu kwa nusu ya nguvu. Jaketi la kuokolea linalokupandisha mara moja katika maji matulivu huchelewa kukupandisha ndani ya povu, na mkono unaopiga povu hausukumi kitu cha kutosha.

Mapovu hayo huzaliwa mahali maji ya kasi yanapolazimika kupunguza mwendo ghafla. Fungua bomba la jikoni juu ya sinki tambarare uone: maji hutandaa kwa utando mwembamba wa kasi, kisha umbali fulani huinuka ghafla kuwa duara la maji ya kina zaidi na ya polepole. Ndani ya duara maji huenda kasi kuliko mawimbi madogo yanavyoweza kusafiri juu yake. Nje yake huenda polepole kuliko mawimbi. Mhandisi Mwingereza William Froude, aliyeishi kati ya mwaka 1810 na 1879, ndiye aliyeachia jina lake namba inayotenganisha hali hizi mbili. Katika maji ya kina cha mita 1, mpaka uko kwenye mita 3.1 kwa sekunde. Katika kina cha sentimita 45, ni mita 2.1.

Mtoni, maji yakishuka juu ya mwamba huvuka mpaka huo, na yakifika chini kwenye maji ya polepole hujikunja. Tabaka la juu hurudi nyuma kuelekea mwamba, huzama, hutokea tena mbele, hurudi tena. Waongozaji huliita eneo hilo shimo. Kinachoelea kikiingia humo huzungushwa pale pale. Shimo fupi lenye pembe wazi hukutema upesi. Linaloogopwa zaidi duniani ni lile lililonyooka ukingo hadi ukingo bila upenyo, na aghalabu halitengenezwi na mwamba. Hutengenezwa na ukuta mfupi wa saruji uliojengwa kukata mto.

Rafiki yangu aliposikia hivyo aliuliza hapohapo: "Na barabara iliyofunikwa na maji?"

Barabara inapogeuka ukuta

Hilo ndilo swali la Jangwani. Tuta la barabara lililokatiza bonde ni ukuta mrefu ulionyooka. Matundu ya chini ya daraja yakizibwa na mchanga kutoka Pugu, magogo, matairi na chupa za plastiki, maji hupanda hadi yavuke juu ya lami. Yanapofika ukingo wa pili huanguka. Kama yanaanguka kwa uhuru, maji ya magotini huuvuka ukingo huo kwa kasi ya mita 2 hivi kwa sekunde, na chini yake huzaliwa shimo la kujirudia lilelile la mtoni. Mtu anayeteleza barabarani husombwa kuelekea upande huo.

Kuna jambo jingine baya zaidi kwa sababu halionekani. Maji yanayoanguka huchimba udongo wa tuta kwa chini, na lami hubaki ikining'inia juu ya utupu. Maji ya Msimbazi ni ya tope. Huwezi kuona kama ukingo wa barabara bado upo, wala kama chemba imefunguka.

Tofauti nyingine na Nile iko hapo. Katika maeneo mengi ya Jinja mto ni mkubwa na wenye kina, na baada ya poromoko hufuata eneo pana la maji matulivu la kupumzikia. Boti ikipinduka, watu huogelea na kuokotwa. Jangwani hakuna kina cha kukuokoa. Kuna nyaya, nondo, uzio, magari yaliyokwama na takataka. Kila kitu kinachopitisha maji na kuzuia mwili hufanya kazi kama chujio, na mtu aliyebanwa kwenye chujio hushikiliwa na msukumo uleule tuliouhesabu. Juu ya hayo yamo maji ya vyoo na chemba, yenye vimelea vya kipindupindu na magonjwa mengine.

Mafunzo ya waongozaji

Kabla ya boti kuondoka, waongozaji hurudia agizo moja: ukianguka, usisimame. Mguu ukibanwa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi na huwezi kunyanyuka, hata katika maji ya mapajani. Lala chali, nyanyua vidole vya miguu viwe juu ya maji, tanguliza miguu kule yanakokwenda maji ili igonge vizuizi badala ya kichwa. Usipambane na mkondo uso kwa uso. Ogelea kwa mshazari kuelekea ukingo. Simama pale tu maji yalipo chini ya magoti na yametulia. Ukiona chujio mbele na huwezi kulikwepa, geuka, liogelee kwa kutanguliza kichwa na ujitupe juu yake. Na anayetaka kuokoa mwenzake arushe kamba au boya akiwa nchi kavu. Kuingia mwenyewe ni hatua ya mwisho, kwa aliyefunzwa.

Maagizo haya yanastahili kufundishwa katika shule za Magomeni, Kigogo, Ilala na Kariakoo. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam, yaliyotokana na mvua kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954, yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yamerudi mara kadhaa tangu wakati huo, na karakana ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imezama tena na tena. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ulioidhinishiwa mkopo na Benki ya Dunia mwaka 2022, unalenga kuinua barabara kwa daraja refu na la juu ili mto upite chini bila kugeuzwa poromoko. Kisayansi huo ndio mwelekeo sahihi: unauondoa ukuta. Lakini mchanga utaendelea kushuka vilima vya Pugu vikiendelea kukatwa miti, na mitaro itaendelea kuziba tukiendelea kuifanya majalala.

Kwa anayesimama ukingoni leo, sayansi hii ina ushauri mmoja. Mto usio na tangi hupanda haraka, na kwa sababu hiyohiyo hushuka haraka mvua ikikatika Pugu. Kinachouchelewesha mara nyingi ni bahari: wakati wa bamvua, maji ya bahari hupanda mita 3 na zaidi na kuubana mdomo wa mto, kisha hutoka ndani ya saa sita hivi. Kwa hiyo uliza kama mvua imekatika kule juu, uliza maji ya bahari yanajaa au yanatoka, na subiri. Duka la Kariakoo linaweza kufunguliwa saa nane mchana. Hakuna mzigo wa vitambaa unaostahili kuvukiwa maji ya magotini yanayokimbia.