Kinywaji Kisicho na Mnyama: Vegani, Pombe na Tatizo la Istilahi, kwa Mfano wa Birongo

Utangulizi

Mtu anayejiepusha na nyama huichungulia sahani yake. Ni nadra kuichungulia bilauri. Huuliza kama maharagwe yametiwa mafuta ya ng'ombe, kama chapati imekandwa kwa maziwa, kama mchuzi una kipande cha samaki kilichojificha. Pombe haiulizwi. Hudhaniwa kuwa, maadam inatokana na nafaka, tunda au utomvu wa mti, haiwezi kuwa na uhusiano wowote na mnyama. Dhana hii ina ukweli kwa pombe kadhaa, na kwa nyingine haina ukweli kabisa.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, vipi mnyama huingia katika kinywaji ambacho malighafi yake ni mmea. Pili, pombe zipi za Afrika Mashariki zinamfaa mtu asiyetumia kitu chochote cha mnyama. Tatu, ni maneno gani ya Kiswahili yatakayomwezesha mtu huyo kuuliza swali lake akajibiwa sawasawa. Mfano wetu mkuu ni Birongo, wadi iliyomo katika eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii. Si lengo letu kumshawishi yeyote anywe wala asinywe. Tunachotetea ni haki ya mnunuzi kujua anachokinunua.

Nani aitwe vegani?

Neno la Kiingereza 'vegan' lilibuniwa mwaka 1944 nchini Uingereza na Donald Watson pamoja na wenzake walioanzisha chama cha Vegan Society. Walichukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno 'vegetarian', wakaziunganisha. Haja ya neno jipya ilitokana na tofauti ya kimsingi: wapo wasiokula nyama lakini hunywa maziwa na kula mayai, na wapo wanaojiepusha na kila kitokanacho na mnyama, pamoja na maziwa, mayai na asali.

Katika Kiswahili, wengi wamezoea kusema 'mlaji mboga' kwa makundi yote mawili. Usemi huu una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba hautofautishi makundi hayo. Ya pili ni kubwa zaidi: maana ya 'mboga' hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kwa Mkenya wa Kisii, mboga ni majani kama vile chinsaga na rinagu. Kwa Watanzania wengi, mboga ni kitoweo chochote kiliwacho pamoja na ugali au wali, na nyama ya ng'ombe yaweza kuwa mboga ya siku. Mlaji mboga wa Dodoma, basi, aweza kuwa mlaji nyama bila ya kusema uongo.

Kwa sababu hiyo, tunapendekeza kulitohoa neno lenyewe: vegani. Kwa kuwa linataja mtu, lichukue upatanisho wa viumbe, kama yalivyofanya maneno ya kukopa yanayotaja watu: vegani huyu, vegani hawa. Neno 'mlamboga' libaki kwa yule asiyekula nyama lakini atumiaye maziwa na mayai.

Mnyama huingia wapi?

Waswahili husema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nasi twaweza kuongeza kwamba ukiona pombe inang'aa, jua imeng'arishwa. Pombe yoyote iliyochachuka huwa na ukungu. Ndani yake mnaelea chembechembe za hamira, protini za nafaka na vitu vingine vya mmea. Hamira si mnyama. Ni aina ya kuvu, na kwa hiyo vegani hana ugomvi nayo. Tatizo huanza pale mtengenezaji anapotaka kinywaji kiwe angavu kabla ya kukitia chupani.

Chembechembe hizo zikiachwa, hutua chini zenyewe na kuwa mashapo, lakini huchukua muda. Ili kuharakisha kazi, watengenezaji hutia kitu cha kuzikusanya na kuzishusha. Kitu hicho hapa tutakiita kisafishi. Visafishi vinavyotokana na wanyama ni vya aina kadhaa. Kuna gundi inayotengenezwa kwa mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Kuna jelatini, itokanayo na mifupa na ngozi. Kuna ute mweupe wa yai, uliozoeleka sana katika mvinyo mwekundu, na kuna kaseini, ambayo ni protini ya maziwa, itumikayo katika mvinyo mweupe.

Siri ya kazi yake ni chaji za umeme. Protini ya bondo ina chaji chanya na chembe za hamira zina chaji hasi. Zikikutana huvutana, hushikamana, huwa nzito na kuzama. Vivyo hivyo ute wa yai hunasa tanini za mvinyo mwekundu, ukapunguza ukali wake mdomoni. Baadaye kinywaji hutengwa na mashapo yake. Kisafishi karibu chote huondoka pamoja na mashapo, na hapo ndipo utata unapozuka. Mtengenezaji husema kisafishi si kiungo, kwa kuwa hakikusudiwi kubaki. Vegani husema samaki ametumika, abaki asibaki.

Msomaji wa Kisii asidhani kwamba habari ya mabondo ni ya ng'ambo. Sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, huvuliwa katika Ziwa Viktoria, na bondo lake lina soko kubwa. Sehemu kubwa ya mabondo ya ziwa hilo huuzwa Uchina na Hong Kong, ambako hupikwa supu. Hata hivyo, bondo la samaki ndilo hilo hilo ambalo kwa karne nyingi limekuwa malighafi ya gundi ya kusafishia bia na mvinyo, hasa bia za mapipa za Uingereza.

Zaidi ya visafishi, kuna viungo vya mnyama ambavyo hubaki ndani ya kinywaji. Asali ni kimoja. Maziwa ni kingine: zipo stauti zinazotiwa sukari ya maziwa, na zipo pombe tamu zenye malai. Amarula ya Afrika Kusini hutengenezwa kwa tunda la mmarula, lakini humo humo mna malai ya maziwa. Rangi nayo yaweza kutoka kwa mdudu. Campari ilipata wekundu wake kutokana na wadudu waliokaushwa na kusagwa, hadi mwaka 2006 rangi hiyo ilipoachwa katika nchi nyingi.

Pombe za kwetu

Wazee wa Birongo, kama Abagusii wengine, waliita pombe yao amarwa. Jina hili lina ndugu zake katika Kibantu: Waluhya husema amalwa, na Uganda hujulikana malwa. Msomaji asichanganye amarwa ya Gusii na Amarula tuliyoitaja hapo juu. Yafanana kwa sauti tu, na kwa vegani tofauti yake ni kubwa.

Amarwa hutengenezwa kwa nafaka. Unga wa mahindi hukorogwa kwa maji na kuachwa siku kadhaa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya moto mpaka ukauke na kubadilika rangi. Wimbi, ambayo kwa Ekegusii ni obori, hulowekwa ikaota, ikaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unga uliokaangwa na kimea huchanganywa na maji na kuachwa vichachuke tena. Zamani wazee waliizunguka nyungu moja wakanywa kwa mirija mirefu, na machicha yakabaki chini. Siku hizi mara nyingi huchujwa kwanza. Katika hatua zote hizi hamna yai, hamna bondo, hamna maziwa. Pombe hii ni nzito na ina ukungu kwa sababu hakuna aliyejaribu kuing'arisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa pombe nyingi za asili za eneo hili. Mbege ya Wachaga hutokana na ndizi na kimea cha wimbi. Rubisi ya Kagera hutokana na ndizi. Mnazi wa pwani ni utomvu wa mnazi uliochachuka wenyewe, na ulanzi wa Iringa ni utomvu wa mianzi. Dengelua ni ya miwa. Zote hizi, zikitengenezwa kwa njia ya asili, zinamfaa vegani.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila pombe ya asili iko hivyo. Wanzuki ya Tanzania ni pombe ya asali, na jina lenyewe lamtaja nzuki, yaani nyuki. Muratina ya Wakikuyu hutengenezwa kwa asali, ingawa wengine hutumia miwa. Hapa vegani hana budi kuuliza kila nyungu habari zake.

Fauka ya hayo, kumfaa vegani si sawa na kuwa salama. Chang'aa ni ya mimea mitupu, lakini pombe haramu iliyochanganyika na methanoli iliua watu wengi nchini Kenya mwaka 2000, mwaka 2014 na tena Kirinyaga mwaka 2024. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 iliifuta sheria iliyopiga marufuku chang'aa, lakini inamtaka mtengenezaji awe na leseni na inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18.

Pombe ya chupa na namna ya kuiuliza

Anayetafuta kinywaji cha kiwandani hana nyungu ya kuchungulia. Aanze kwa kuzingatia aina. Pombe kali zilizokenekwa, kama vile jini, vodka na wiski, kwa kawaida hazihitaji kisafishi cha mnyama, kwani mvuke hupanda na kuyaacha mashapo nyuma. Tahadhari ni kwa zile zilizoongezwa asali, malai au rangi. Bia za lager aghalabu husafishwa kwa ubaridi na machujio. Mvinyo ndio wenye mashaka zaidi, uwe mwekundu au mweupe.

Njia nyingine za kusafisha zipo, na zimetumika kwa muda mrefu: udongo wa bentonaiti, mashine za kuzungusha, na karajina itokanayo na mwani. Karajina hiyo ndiyo inayotafutwa katika mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu mwaka 1989. Kwa hiyo, kuacha bondo si jambo lisilowezekana. Mwaka 2015 Guinness ilitangaza kwamba ingeacha gundi ya mabondo katika kiwanda chake cha Dublin, na kufikia mwaka 2018 bia yake ya Draught ilikuwa imeachana nayo. Lakini bia yenye jina hilo hupikwa katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Habari ya Dublin haimtoshi mnywaji wa Kisii. Sharti aulize kuhusu chupa iliyoko mbele yake.

Lebo nayo haisaidii sana. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2012, mvinyo wenye mabaki ya yai au maziwa hutakiwa kuyataja kwa ajili ya wenye mzio, lakini gundi ya samaki katika bia na mvinyo imesamehewa. Chupa yaweza kuwa kimya bila ya kuvunja sheria yoyote.

Ndipo lugha inapokuwa na kazi. Vegani akimuuliza mhudumu wa baa, "Je, bia hii ina nyama?" atachekwa, na jibu la "haina" litakuwa kweli na halitamfaa kitu. Akiuliza, "Je, ni ya mimea?" ataambiwa ndiyo, kwa kuwa shayiri ni mmea. Swali lenye manufaa ni hili: "Kinywaji hiki kilisafishwa kwa kutumia nini? Je, kuna bondo, jelatini, yai, maziwa au asali iliyotumika katika hatua yoyote?" Na swali hilo aulizwe mtengenezaji, si muuzaji, maana muuzaji hakuwapo pombe ilipopikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi bidhaa aliyonunua. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Anayeuliza kwa Kiswahili, basi, haombi hisani.

Hali ya Birongo

Birongo ina jambo lake la pekee. Kanisa la Waadventista Wasabato lilifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, likaenea Gusii katika mwongo uliofuata, na leo lina waumini wengi mno Kisii na Nyamira. Kanisa hilo huwahimiza waumini wake wapende vyakula vya mimea, na huwakataza kileo. Kwa hivyo, wanaojua vizuri zaidi kuuliza juu ya nyama ndio wasiokaribia pombe. Na wanaokaribia pombe, kwa kawaida, huiagiza pamoja na nyama choma. Vegani anayekunywa husimama katikati, na pande zote mbili hazijawahi kulihitaji swali lake. Ndiyo maana swali hilo halina maneno yaliyozoeleka.

Hitimisho

Tumeona kwamba mnyama huingia katika pombe hasa wakati wa kusafishwa, na kwamba amarwa yenye ukungu yaweza kumfaa vegani kuliko mvinyo unaong'aa. Tumependekeza pia maneno machache: vegani, mlamboga na kisafishi, pamoja na bondo na mashapo ambayo lugha inayo tangu zamani. Wanaisimu na wapenzi wa Kiswahili wayapime, wayakosoe, na wakipata bora kuliko haya wayalete. Kuuliza si ujinga, lakini anayeuliza kwa neno lisilo sahihi hurudi nyumbani na jibu la swali jingine.